Alichosema Zuhura Nyuma ya Pazia

Malindi, Unguja
Jumapili, baada ya sala ya asubuhi

Kwa mdogo wangu Mwanaisha binti Hamadi, aliye Kilwa Kivinje,

Nimekaa kuandika na hata kahawa sijanywa, maana nachelea nikikawia nitasahau mengine, na haya si ya kusahauliwa. Nakusalimu salamu za kaka aliyekubeba mgongoni kwenda chuoni siku za matope. Goti lako laendeleaje? Umeacha kuteka maji mwenyewe kama nilivyokusihi, au bado wasema kisima hakijui kumtekea mtu mwingine? Na lile jino uliloniandikia, limeng'oka au limetulia? Kama limetulia usilisifu, meno husikia.

Sisi huku tu wazima kwa rehema ya Mola. Masika ya mwaka huu yametupiga vizuri. Dari ya chumba changu inavuja pahali pawili. Msahafu na vitabu nimevipeleka kwenye kona kavu, na mimi mwenyewe nimelala penye matone. Homa ilinishika siku sita, ya saba ikaniacha nikiwa na njaa ya watu wawili. Dhiki zangu ndizo hizo, zimekwisha.

Sasa habari yenyewe. Ndoa ya mwanao Zuhura haikufungwa Ijumaa. Watu walikuja, pilau ilipikwa na ikaliwa, na ndoa haikufungwa, na aliyeizuia ni mimi. Najua shemeji yako Salum ameshakuandikia, na katika barua yake bila shaka mimi ni mzee aliyerukwa na akili. Nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho. Zuhura yu salama, mchumba wake hajaondoka, na shauri lote sasa liko mkononi mwako: wewe ndiwe utakayesema kama ataolewa au hataolewa. Nitakueleza kwa utaratibu, maana wanijua, siwezi kusimulia jambo ila nianzie kwenye mzizi.

Mzizi ni mwanafunzi wangu Mwingereza. Nilikuandikia juu yake: yule kijana mrefu anayejifunza Kiswahili kwangu kila asubuhi, ambaye watoto wa mtaani wamempa jina la Bwana Daftari kwa sababu hata akikanyaga ganda la ndizi huliandika kabla hajainuka. Mwezi uliopita alinijia na karatasi ina maneno tisa ya Kiingereza. Akaniambia, "Mwalimu, nataka Kiswahili cha haya." Nikamwambia anieleze moja moja. Alipofika la tisa nikaona kwamba yote tisa maana yake ni mtu kusema asisikike sawasawa.

Nikacheka. Nikamwambia, "Bwana, maneno tisa kwa jambo moja ni israfu. Sisi twasema fulani hasemi vizuri, yakaisha."

Hakucheka. Akafungua daftari lake akasoma: "Jumatatu, Mwalimu alimwambia muuza maji asibwabwaje. Jumanne, alimwambia mpishi aache kunung'unika. Jumatano, alisema jirani yake ana kithembe. Jana alisema mimi natafuna maneno."

Mwanafunzi alinishika na mali yangu mwenyewe mkononi. Tangu siku ile nikashikwa na shauku ambayo sijaiona tangu nilipokuwa kijana nikijifunza kusoma hesabu za miandamo ya mwezi. Tulikuwa na utajiri huu wote nami sijapata kuufungulia sanduku.

Wajua kanuni yangu: simpi mwanafunzi neno ambalo sikio lake halijaliona. Kwa hiyo tukatoka, siku kumi na tano mfululizo, tukawa twatembea mjini kutafuta watu wasiosikika. Maneno yake ya Kiingereza nakuandikia kwa herufi zetu kama nilivyoyapokea, na mengine yatakuchekesha.

La kwanza lasikika kama mambol. Hilo tulilipata Mlandege, kwa mzee mmoja auzaye kamba, ambaye shavu lake moja huwa limejaa tambuu tangu alfajiri. Bwana Daftari akamwuliza njia ya kwenda Mlandege. Mzee akajibu jibu refu, na hakuna lililotoka ila harufu ya karafuu. Akaulizwa tena. Akatema, akafuta midomo, akasema, "Nimekwambia umesimama hapo hapo Mlandege, unakanyaga kamba zangu." Nikamwambia mwanafunzi, andika: kumung'unya maneno. Mzee yule hana kinyongo na mtu wala hafichi neno. Kinywa kimejaa, basi.

La pili ni mata, kama mata ya kupigia mishale, na kweli ni mishale. Tulimkuta mwanamke auzaye vitumbua, na mteja amemshika bei mpaka amechoka kisha akaenda zake bila kununua. Yule mama akainama juu ya chungu chake akawa asema na vitumbua. Mteja akageuka, "Umesemaje?" Akajibiwa, "Sijasema na wewe, nasema na mafuta." Hapo ndipo nilipomweleza kijana kuwa anung'unikaye hataki asisikike kabisa. Ataka asikike theluthi, ili moyo wako uchomwe lakini usipate neno la kulishika ukamjibu.

La tatu, nakuapia, ni mama. Usidhani nakuchezea. Mama wao wa Kiingereza ni ile sauti ya watu wengi wakisoma nyiradi baada ya sala, ukiwa nje ya msikiti: husikii neno hata moja, na moyo wako waelewa yote. Tukaiita kuvuma. Bwana Daftari alisimama ukutani pale muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuandika kitu.

Yaliyobaki sitayamaliza, karatasi itakwisha. Tulimpata mwenye kigugumizi, naye ni fundi cherehani ambaye akiimba hakwami hata herufi. Tulipata mwenye kuvuta maneno kama anayevuta ng'ombe. Siku ya mwisho kijana akaniuliza swali zuri kuliko yote aliyopata kuniuliza: "Mwalimu, mtu nisiyemwona, na neno lake silisikii, nitajuaje yumo katika kundi gani?"

Nikafikiri mpaka kahawa ikapoa. Nikamwambia, "Usiulize kasema nini. Uliza kinywa chake kimezibwa na nini. Haya huziba kwa mlango mmoja, hasira kwa mwingine, usingizi kwa mwingine, na tambuu kwa mwingine. Ukishajua kilichoziba, nusu ya maneno umeshayasikia." Akaandika. Na mimi nikajisifu moyoni, Mungu anisamehe, nikaona nimesema jambo la kupamba tu. Sikujua kuwa baada ya siku tatu nitatakiwa kulitumia.

Siku tatu hizo zikatufikisha Ijumaa. Baada ya Alasiri tukakusanyika nyumbani kwa Salum. Wanaume barazani, sheikh aliyekuja kufunga ndoa ameketi, mchumba Seif amekaa mbele yake na joho jipya linalomwasha shingo. Wewe hujamwona Seif kwa macho, kwa hiyo nikueleze: ni mtu wa makamo, auza mikeka Mlandege, mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na katika maneno ana ubahili ambao mimi naupenda. Salum, kwa kuwa ni ami na baba hayupo duniani, ndiye walii wa kumwoza. Mashahidi tulikuwa wawili, mimi na Mzee Vuai, jirani mwenye asili ya Matemwe, mtu mwadilifu sana, ila umri umemgusa masikio.

Wajua ada ilivyo, lakini niache niieleze, maana kisa chote kimekaa hapo. Binti ambaye hajapata kuolewa, akiulizwa, kunyamaza kwake kwatosha. Mjane kama Zuhura sivyo. Mjane atasema kwa ulimi wake, na mashahidi watasikia kwa masikio yao. Tukaingia ndani mpaka mlango wa chumba cha wanawake. Pazia limeshushwa. Nyuma yake Zuhura, amefunikwa, na somo wake Bi Shemsa ubavuni, na wanawake wamejaa mpaka ukutani.

Salum akakohoa, akamwuliza: "Zuhura binti Juma, mimi ami yako. Umeniwakilisha nikuoze kwa Seif bin Abdalla kwa mahari tuliyopatana?"

Kimya. Akamwuliza mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu ikatoka sauti chini ya kanga, fupi, maneno mawili au matatu, na kabla haijafika mwisho wanawake wakaipokea kwa vigelegele nyumba ikatikisika.

Salum akageuka. "Alhamdulillahi. Kakubali. Twende."

Nikamwuliza, "Kasema nini?"

"Kakubali, Masudi."

"Sikukuuliza kafanya nini. Nimekuuliza kasema nini."

Bi Shemsa akajibu nyuma ya pazia, "Mjomba, bibi harusi ana haya. Ulitaka apige mbiu?" Wanawake wakacheka, na mimi ningecheka nao siku nyingine yoyote.

Lakini mdogo wangu, masikio yangu yalikuwa yametoka shule ya siku kumi na tano. Mwenye haya, sauti yake hulala. Huanza, ikaregea, ikafia mdomoni kama mtu aketiye polepole. Hii haikulala. Ilipita kwenye meno, na mwishoni ikasimama, kama mtu aulizaye. Nikajiuliza, kinywa hiki kimezibwa na nini? Nikapata jibu moja tu, nalo halikuwa haya. Mwanetu alikuwa na ghadhabu.

Nikamgeukia shahidi mwenzangu. "Mzee Vuai, wewe umesikia nini?"

"Nimesikia vigelegele."

"Kabla ya vigelegele?"

"Kabla ya vigelegele nilikuwa navua viatu."

Salum akaanza kuchemka. "Masudi, watu wanangoja. Pilau inapoa. Unafundisha wazungu kutafuna maneno, sasa umekuja kututafunia harusi?"

Nikamwambia, "Nikitoka hapa nitaulizwa nimeshuhudia nini. Niseme nimeshuhudia vigelegele? Mimi sikusikia ndiyo. Na kwa ushahidi wa jambo nisilolisikia, mtafute mwingine."

Ugomvi ukafika barazani kabla yetu. Sheikh akauliza kulikoni, akaelezwa, wala hakusita. Akasema kwa sauti ya upole iliyopita ukuta: "Shahidi amesema haki. Mwulizeni tena, na wanawake, kwa ridhaa yao, wanyamaze."

Nakwambia hakuna kazi ngumu duniani kama kuwanyamazisha wanawake arobaini waliokwisha kuvuta pumzi ya kigelegele. Lakini wakanyamaza. Salum akauliza tena, safari hii kwa sauti isiyokuwa na sukari.

Na Zuhura akajibu. Mwanaisha, laiti ungalikuwepo. Tangu amzike mumewe sijapata kumsikia mwanao akisema kwa sauti yake kamili, ile uliyomzaa nayo. Alisema:

"Naam, ami. Nimekusikia tangu mara ya kwanza, na nimekujibu. Nimesema: na mwanangu je?"

Salum akasema, "Hayo si ya leo."

"Ni ya leo. Seif simkatai, ni mtu mwema. Lakini jana nikipakwa hina nikaambiwa kuwa nikishaolewa tu, Rehema anapandishwa melini kwenda Kilwa kwa mama. Mimi sikuulizwa. Nimezika mume kwa kuwa Mungu ndiye aliyetaka. Mwanangu wa miaka minne yu hai, sitamzika kwa kuwa nyinyi mmetaka."

Ndipo ikaja sauti dirishani, ya mtu asiyesema ila kwa haja. Alikuwa Seif, ameinuka kwenye mkeka wake pale barazani na joho limempinda.

"Nani kasema mtoto anakwenda Kilwa?"

"Ndiyo sheria," Salum akamjibu. "Mama akiolewa na mtu baki, mtoto huenda kwa bibi mzaa mama."

"Mimi sikuambiwa," akasema Seif. "Chumba cha mtoto nshakipaka chokaa."

Watu wakacheka barazani, wakacheka ndani, na mimi nikajifanya navaa kiatu ili nipate pa kuficha uso, maana machozi yalikuwa yananitoka. Chokaa, Mwanaisha. Mtu ambaye sijapata kumsikia akisema maneno mia kwa siku, amekwenda peke yake akapaka chumba chokaa kwa ajili ya mtoto asiye wake, wala hakumwambia mtu kwa sababu hakuona kuwa ni habari.

Sheikh akapima mambo, akasema hivi: ni kweli, haki ya ulezi huhama kwa mama anapoolewa na mtu baki, nayo huenda kwa mama yake mama. Lakini haki ni kitu cha mwenyewe. Akitaka ataichukua, akitaka ataiacha. "Mwenye haki yuko Kilwa," akasema. "Hatuwezi kufunga ndoa juu ya swali. Aulizwe." Kisha akaomba pilau iletwe, maana chakula hakina kosa. Salum akasusa, akaingia ndani kwa hasira, na baadaye akatuma apelekewe sahani, na baada ya ile nyingine.

Mdogo wangu, sasa nimefika kwako, na hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito ingawa moyo wangu bado una furaha.

Salum alinionyesha barua uliyomwandikia. Nimeisoma mara tatu. Hukuandika "nipeni mtoto." Uliandika kuwa nyumba ni kubwa na sauti ni chache, na kuwa Rehema lazima sasa ameota maneno mengi. Salum akasoma hapo akaona umemtaka. Pengine ndivyo. Lakini mimi nilipoisoma nilijiuliza lile swali langu, nikaona kinywa cha ndugu yangu kimezibwa na upweke, na aibu ya kuutaja. Na katika upweke huo nina sehemu yangu, maana huu ni mwaka wa kumi na mbili nasema nitakuja.

Seif huenda Kilwa kila mwaka kununua mikeka. Amesema mbele ya watu kwamba atakuja na Zuhura na Rehema, na watakaa kwako si siku mbili tatu, bali mpaka mikeka yake ikusanyike, nayo wajua haikusanyiki upesi. Mimi nitafuatana nao. Sikudanganyi kuwa hayo ni sawa na mtoto kulala ubavuni mwako kila siku. Si sawa. Haki ni yako, na hapana atakayekunyang'anya. Ukimtaka Rehema aje, utakuwa umesema lililo lako, nami nitaisoma barua yako barazani kwa Salum mbele ya watu wale wale, wala sitaipunguza sauti. Ukimwacha abaki kwa mama yake, nitaisoma vile vile. Ninalokuomba ni moja tu: usituandikie habari ya nyumba na sauti tukabaki kufasiri. Utaje jina la mtoto, na useme akae wapi. Barua ya meli ijayo yatosha.

Nisalimie shangazi yetu Bi Amina, na umwambie ile dawa ya kikohozi aliyonitumia inywewe na adui. Msalimie mwalimu wa chuo, Maalim Athumani, aliyetufundisha sote kutamka ghaini mpaka koo zikauma. Msalimie jirani yako Mwanahawa akupikiaye goti linapokuzuia, na mumewe nahodha kama amerejea. Ndugu zetu wa shamba wasalimie wote, na aliye na madeni ya salamu kwangu nimemsamehe.

Huku wakusalimu Mzee Vuai, na Bi Shemsa somo, ambaye amekuja kuniomba radhi akanikuta nimelala. Rehema ni mzima, amenenepa, na amejifunza kusuka ukili, ingawa bado unakwenda kombo.

Nilimpa Zuhura kalamu aongeze mkono wake hapa chini. Akaishika kidogo, akanirudishia. Akaniambia, "Mwandikie mama kuwa akisema hapana, mtoto aje kwake, sitamlaumu. Nitamletea Rehema mwenyewe, nami nitabaki naye huko. Lakini sitaolewa." Nimeyaandika kama alivyoyasema, kwa sauti ambayo hata mtu wa chini ya nyumba aliisikia.

Wassalamu, kaka yako akupendaye,

Masudi bin Hamadi